Lindo la Edita

Nilipokuwa naishi Nkuhungu kulikuwa na mama aliyeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Kila nikishuka alfajiri namkuta anapepea mkaa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, za lindo?" Namjibu salama, nanunua vinne, naenda kulala. Ulipita kama mwezi mzima kabla sijang'amua kwamba hatanii. Mtu anayetoka nyumbani giza likiingia na kurudi kunakucha, macho mekundu, begi mgongoni: yule mama angemdhania nani zaidi ya mlinzi?

Ndani ya begi kulikuwa na diski yenye video za kwaya. Mimi ni edita, yaani mtu wa kukata na kuunganisha video, miaka kumi na moja sasa, yote hapa Dodoma. Vijana wengi wananiuliza jinsi ya kununua kompyuta na programu ipi ni nzuri. Hakuna anayeuliza kuhusu saa. Leo naandika kuhusu saa.

Wengi wanaamini edita anakesha kwa sababu kazi ya sanaa ndivyo ilivyo, au kwa sababu yeye mwenyewe alizembea mchana. Uzembe upo, sikatai. Lakini usiku mwingi niliokesha ulitengenezwa mchana na watu wengine, tena siku kadhaa kabla, nami nikiwa sipo.

Chukua makala ya dakika 20 kuhusu mradi wa maji vijijini. Wapiga picha wanarudi na saa tisa za picha. Kuzitazama tu, bila kukata hata kipande, ni saa tisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema siku ya kazi ya kawaida isizidi saa tisa, na wiki isizidi saa 45. Kwa hiyo siku nzima ya halali imeisha, na kilichopatikana ni daftari lenye alama tu. Kabla ya hapo kuna kunakili: gigabaiti 500 kwenye diski ya kawaida inayozunguka ni karibu saa moja na nusu, na nakala lazima ziwe mbili, la sivyo siku diski ikidondoka utalia na mteja atalia zaidi yako. Kisha ufungue faili ukute kamera moja imerekodi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, 25 kwa sekunde na nyingine 30, hazilingani, na sauti ya mzee anayehojiwa imechukuliwa na maiki ya kamera iliyo hatua sita mbali, upepo wote wa Dodoma ukiwa ndani yake. Aliyerekodi alisema lile neno letu la nyumbani: "Hiyo edita atarekebisha." Sekunde tatu za kusema, saa nne za kurekebisha. Na kwenye bajeti ya kazi saa hizo nne hazipo popote.

Dodoma ina msimu wake. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, kila ofisi inataka makala ya mafanikio yake, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, kwa hiyo fedha iliyolala inaamka yote kwa pamoja. Msimu mmoja wa namna hiyo nilikuwa na mteja ambaye simtaji. Maofisa watatu wa ofisi moja walikuwa wananitumia marekebisho kwa WhatsApp, kila mmoja kwa sauti yake, wa mwisho saa 5 usiku. Mmoja anasema muziki uondolewe, unazima maneno ya mheshimiwa. Wa pili anasema muziki uongezwe, pamepoa. Wa tatu anasema "ile picha ya mwanzo" bila kusema ipi. Makala inaonyeshwa kesho saa 3 asubuhi. Nikakata, nikabadilisha, nikaanza kurenda, yaani kuiachia kompyuta itoe video nzima iliyokamilika, saa 9 usiku. Kwenye asilimia 94 umeme ukakatika. Betri ya akiba ilinishikia dakika saba, ambazo hazikutosha.

Kurenda ndipo dhuluma kubwa ilipo, kwa maoni yangu. Bosi akipita akakukuta umelaza kichwa mezani huku mstari unasogea kwenye kioo, anasema "wewe si umepumzika". Lakini siwezi kuondoka, siwezi kwenda kwa watoto, na ikikwama lazima niwepo. Muda wa kusubiri mashine ya mtu, kwenye chumba cha mtu, kwa kazi ya mtu, ni muda wa kazi. Dereva wa basi akisubiri abiria wapande hatumwambii yuko likizo.

Hiyo sheria ya 2004 ina mambo mengine ambayo watu wa vyumba vya uhariri hawayajui. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hata mkikubaliana, siku isizidi saa 12. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena ziwepo saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima, si chipsi unazokula mkono mmoja uko kwenye kipanya.

Najua jibu la wenye studio, maana nimelisikia na nimelitoa: "Huyu si mwajiriwa, ni deiwaka." Hapo soma sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: saa zake zinapangwa na huyo mwingine, vifaa anapewa naye, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini mzigo wa kupinga ni wa anayeikataa. Saa 45 kwa mwezi! Edita wa msimu wa bajeti anazimaliza kabla ya Jumamosi ya kwanza.

Nimesema na mimi nimelitoa jibu hilo. Nilipofungua chumba changu Makole nilimchukua kijana aliyekuwa amemaliza chuo, nikamwambia anajifunza, nikawa nampa nauli. Alijifunza miezi minane. Katika miezi hiyo minane alikata harusi zangu zote, nami nikawa nalala nyumbani. Sikujiona mbaya hata kidogo.

Kilichonibadilisha si huruma, ni rangi. Jicho likikaa muda mrefu mbele ya kioo linazoea rangi iliyopo na kuiona ya kawaida. Yule kijana alirekebisha rangi ya video ya kwaya kuanzia jioni mpaka saa 10 alfajiri, akaniambia imekaa vizuri. Asubuhi tukaifungua: wanakwaya wote kijani, kama wameumwa malaria kwa pamoja. Tukarudia siku nzima. Masikio nayo ni hivyohivyo, yakichoka unaongeza sauti kali bila kujua. Nilipopiga hesabu, saa za usiku nilizodhani napata bure nilikuwa nazilipa mchana.

Sasa mkataba wangu, wa karatasi mbili tu, unasema marekebisho ni raundi mbili. Yanaletwa na mtu mmoja, yameandikwa, kila moja na dakika na sekunde yake. Raundi ya tatu ina bei. Sigusi rangi wala sauti mpaka mteja asaini kwamba picha imefungwa, hakuna kipande kitakachohama tena. Nusu ya fedha kwanza. Kurenda kunahesabiwa. Nimepoteza wateja wawili kwa ajili ya karatasi hizo, mmoja nilimpenda, mwingine nilifurahi.

Siwezi kudai kwamba hatukeshi kabisa. Mwezi uliopita tulitoka saa 5 usiku, kazi ya watu wa msiba, haikuwa ya kusubiri. Yule kijana, ambaye sasa ana mshahara na mtoto wa kike, akasimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi.

"Bro, kesho saa 2?"

Nikahesabu kwa vidole. "Saa 5 asubuhi."

Mimi mwenyewe niliamka saa 4, nikakumbuka vitumbua, nikapanda hadi Nkuhungu. Mama alikuwa anaosha kikaango. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, lindo umeacha?"

Vitumbua vilikuwa vimekwisha.