Kusoma ukurasa ni kazi moja, kuuchanganua ni nyingine

Skripti nyingi za kuchota data kwenye kurasa za wavuti huharibika kwa sababu kazi mbili zimebanwa katika mstari mmoja. Kusoma ni kuleta baiti kutoka kwenye seva. Kuchanganua ni kuzigeuza baiti hizo kuwa herufi, kisha mti wa tagi (alama zinazounda ukurasa wa HTML), kisha thamani unazozitaka. Kila kazi ina makosa yake, na ukizichanganya hutajua kosa limeingilia wapi.

Kwa Python na maktaba ya requests (ya kutuma maombi kwa seva), kusoma ni mistari mitatu:

r = requests.get(url, timeout=10)
r.raise_for_status()
open("ukurasa.html", "wb").write(r.content)

Usiache timeout, bila hiyo requests haijiwekei kikomo cha kusubiri, na seva ikinyamaza skripti nayo inaganda. Mstari wa pili unasimamisha kazi seva ikijibu 404 (ukurasa haupo) au 500 (hitilafu ya seva). Usipouweka, utachanganua ukurasa wa kosa ukidhani ndio wenye data. Wa tatu unahifadhi baiti kama zilivyokuja. Hapo hata ukirekebisha uchanganuzi mara ishirini, seva ya watu umeigonga mara moja tu.

Sasa mtego ninaouona kuliko yote: r.text, yaani baiti ambazo requests imekwisha kuzigeuza herufi. Seva ikituma text/html bila kutaja charset (utaratibu wa kugeuza baiti kuwa herufi), requests huchukulia kuwa ni ISO-8859-1, hata kama ukurasa ni wa UTF-8. Chukua neno ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda. Lina herufi 7, lakini katika UTF-8 ni baiti 9, maana ritifaa hiyo peke yake ni baiti 3: E2 80 99. Katika ISO-8859-1 kila baiti huhesabiwa herufi, kwa hiyo len (hesabu ya herufi) inakupa 9, na ukilitafuta neno hulipati. Hakuna ujumbe wowote wa kosa! Dawa ni kumpa mchanganuzi (hapa lxml, kupitia maktaba ya BeautifulSoup) baiti zenyewe, BeautifulSoup(r.content, "lxml"), aangalie tagi ya meta yenye charset. Na hata herufi zikisomeka sawasawa, ritifaa ya kibodi yako ni U+0027 (iliyonyooka) na ya ukurasa ni U+2019 (iliyopinda). Zibadilishe ziwe moja kabla ya kulinganisha.

Wachanganuzi nao hawakubaliani. Mpe kila mmoja kipande kibovu <a></p>: html.parser anatoa <a></a>. Lxml anakifungia ndani ya html na body na kuitupa p. Html5lib anaongeza head na kuibakiza p ndani ya a. Ndiyo maana mimi hutaja jina la mchanganuzi kila mara, la sivyo BeautifulSoup hujichagulia kulingana na kilichopo kwenye mashine. Kisa hichohicho kiko kwenye majedwali: kivinjari huongeza tbody (tagi ya mwili wa jedwali) hata kama haimo kwenye faili, lxml haiongezi. Ukinakili njia table > tbody > tr kutoka kwenye kivinjari, unaweza kurudishiwa orodha tupu.

Thamani ndizo za mwisho. "TSh 2,540" inaweza kuwa na nafasi isiyokatika (huonekana kama nafasi ya kawaida lakini ni herufi nyingine), \xa0, hivyo replace("TSh ", "") haiondoi kitu. Anza na " ".join(s.split()), kisha ondoa TSh na mkato, ndipo uite float. Kurasa za Ujerumani huandika 1.250,00, hapo nukta ndiyo ya kuondoa, na mkato ugeuzwe nukta. find ya BeautifulSoup isipopata kitu hurudisha None, kwa hiyo pima kabla ya kuomba .text.

Data isipoonekana kabisa, fungua faili uliyohifadhi ulitafute neno kwa jicho. Kama halimo, usihangaike na mchanganuzi: huenda JavaScript ndiyo inayolileta baadaye. Fungua sehemu ya mtandao katika zana za kivinjari, tafuta ombi linalorudisha JSON (data iliyopangwa kama maandishi), ulisome hilo kwa r.json().