Umri wa baba: kinachozeeka kwenye mbegu za kiume

"Ng'ombe hazeeki maini," wazee hujibu wakitaniwa kwa kuoa tena wakiwa na mvi. Kwa kiasi fulani wana haki. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na akifika karibu miaka 50 hedhi hukoma na uzazi hufungwa. Mwanaume hana siku ya namna hiyo. Tangu abalehe, korodani zake hutengeneza mbegu mpya kila siku mpaka uzeeni, na wapo wenye miaka 70 wanaopata watoto wao wenyewe.

Tatizo ni kwamba tunachanganya nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba. La kwanza ni suala la uume kusimama, la pili ni la mbegu. Mtu anaweza kuwa imara kitandani na mbegu zake zikawa hafifu. Kwa macho hutajua, maana sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji kutoka kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa. Asiye na mbegu hata moja anaweza kutoa shahawa zinazofanana kabisa na za mwenye mamilioni.

Wataalamu wanaposema "umri wa baba" wana maana ya umri aliokuwa nao mwanaume mimba ilipotungwa. Hakuna mstari mmoja uliokubaliwa kila mahali, ila wengi huanza kuutilia maanani kuanzia miaka 40.

Kinachobadilika huonekana maabara. Mwanaume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, kisha huleta sampuli ndani ya saa moja, kikopo akikihifadhi karibu na mwili kisipoe. Chini ya hadubini, mbegu nzima hukata maji kama viluwiluwi, zikienda mbele. Zilizo dhaifu huzunguka palepale au hutikisa mkia bila kusogea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka viwango vya chini vya kulinganishia: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na 42% ziwe zinatikisika. Aliye chini ya hapo bado anaweza kuzalisha, ila kwa shida zaidi. Umri unavyosogea, ujazo hupungua, mwendo hulegea na zenye umbo zuri huwa chache. Idadi yenyewe haishuki sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Lipo jingine ambalo hadubini haionyeshi. Seli mama za mbegu hujigawa takriban mara 23 kwa mwaka, na kila zikijigawa hunakili vinasaba upya. Anayenakili kitabu kizima kwa mkono mara mamia hakosi kuruka herufi. Utafiti uliofanyika Aisilandi na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba baba wa miaka 20 humrithisha mtoto makosa mapya kama 25, na wa miaka 40 kama 65, yaani takriban mawili kwa kila mwaka wa umri. Mengi hayana madhara yoyote. Machache yanayo. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Weinberg, aliona kwamba watoto wenye akondroplasia, yaani ufupi wa kuzaliwa nao wa mikono na miguu, mara nyingi walikuwa vitinda mimba. Mwaka 1955 Lionel Penrose wa Uingereza akaonyesha kwamba kilichohusika ni umri wa baba. Leo umri huo unahusishwa pia na mimba kuharibika, usonji na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra. Hatari huongezeka kidogo tu, na watoto walio wengi wa baba watu wazima huzaliwa wazima. Hilo nalisisitiza kwa sababu sitaki mtu aliyeoa akiwa na miaka 45 apoteze usingizi.

Linalonitia hofu zaidi ni sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Homoni hii hupungua kama 1% kwa mwaka kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, na anayejisikia mchovu hushauriwa achomwe. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kukauka kabisa. Anayetafuta mtoto asiguse sindano hizo.

Si kila kitu ni umri, vilevile. Sigara, kisukari, unene, joto la muda mrefu na mishipa ya korodani iliyovimba huharibu mbegu za kijana kama za mzee. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kukamilika, kwa hiyo aliyeacha sigara leo asubiri kama miezi mitatu ndipo apime tena.

Majumbani kwetu neno "tasa" humwangukia mke kabla mume hajapimwa. Mke huenda kliniki peke yake na kupigwa picha ya mirija, ilhali mwanaume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Kipimo cha shahawa hakina sindano wala maumivu, basi mume apimwe wiki ileile. Kwa kawaida watu huambiwa wajaribu miezi 12 kwanza. Mke akiwa amepita miaka 35, sita inatosha.