Je, wajua kwa nini mpiga kura wa San Francisco hutafuta kadi ya klabu kabla ya kujaza karatasi yake?

Mkenya akifika kituoni siku ya uchaguzi mkuu hukabidhiwa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Mzanzibari hupewa tano, Mtanzania Bara tatu. Hata kwa hizo chache, wapo wanaokwama nyuma ya kile kibanda cha kadibodi wakijiuliza huyu wa karatasi ya nne ni mtoto wa nani.

Sasa mchukue mkazi wa San Francisco, California, mwezi Novemba 2016. Weka kando rais, seneta na wabunge. Jimbo lilimletea maswali 17 ya kujibu ndiyo au hapana, na jiji likamwongezea mengine zaidi ya 20. Bei ya dawa. Ushuru wa sigara. Bangi. Kondomu katika filamu za ngono (sitanii). Adhabu ya kifo ilikuja mara mbili: hoja namba 62 ilitaka ifutwe, hoja namba 66 ilitaka iharakishwe. Kijitabu cha maelezo kilichotumwa na jimbo peke yake kilizidi kurasa 200, na jiji nalo likatuma cha kwake.

Nani anasoma yote hayo? Wachache. Wengi wa waliobaki hutafuta kadi.

Kadi yenyewe si kitu cha kutisha. Ni karatasi ngumu yenye jina la klabu juu, na chini yake orodha: kiti hiki, mchague fulani, hoja hii, ndiyo, ile, hapana. Utaikuta imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, au imeletwa na tarishi wa posta pamoja na bili za umeme. Siku hizi kila mpiga kura aliyeandikishwa California hutumiwa karatasi ya kura nyumbani takribani wiki nne kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo kazi hufanyika mezani jikoni: karatasi ya kura kushoto, kadi kulia, kikombe cha kahawa katikati.

Lakini klabu hiyo ni ya nani, na nani aliipa mamlaka ya kumwambia mtu mzima apige kura vipi?

Mamlaka haina. Ni kundi la watu binafsi, wa chama kimoja, wanaolipa ada na kukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa maktaba, ofisi ya chama cha wafanyakazi au chumba cha nyuma cha mgahawa. Msomaji wa kwetu asiifananishe na tawi la chama, lenye bendera, mwenyekiti na orodha ya wanachama wenye kadi. Mkazi wa California huwa wa chama kwa kujaza nafasi moja tu katika fomu ya kuandikishwa kupiga kura, na hiyo fomu ni ya serikali. Anayetaka kukaa na wenzake wabishane hujiunga na klabu. San Francisco kuna klabu za mitaa, za wenye asili ya China, za wanawake, za vijana, za wapenzi wa jinsia moja, na karibu zote ni za chama cha Democratic, kwa sababu katika jiji hilo Republican ni kama samaki wa maji baridi aliyejikuta baharini.

Uhitaji wa kadi ulizaliwa mwaka 1911, na ulizaliwa na watu waliodhani wanawakomoa wakubwa wa vyama. Wakati huo siasa za California zilikuwa mikononi mwa kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambayo wachoraji wa vibonzo waliichora kama pweza aliyeshika kila kitu kwa mikono yake. Gavana Hiram Johnson alichaguliwa akiahidi kuikata mikono hiyo. Tarehe 10 Oktoba 1911 wapiga kura walikubali mabadiliko makubwa kwa mkupuo: raia wapate haki ya kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwenye kura, wapate haki ya kuikataa sheria ambayo bunge limeshaipitisha, na wapate haki ya kumng'oa kiongozi kabla ya muda wake. Wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura siku hiyohiyo. Katika miaka hiyo hiyo ya mageuzi, nafasi za miji, kaunti na majaji zikavuliwa majina ya vyama kwenye karatasi ya kura.

Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, maswali yakaongezeka na alama za kumsaidia mtu kuyajibu zikapungua.

Wanaokumbuka uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965 wataelewa haraka. Chama kilikuwa kimoja, TANU, na wagombea wawili katika jimbo. Jina la chama lisingemsaidia mtu yeyote kuchagua, kwa hiyo mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kenya nayo mwaka 2005 iliuliza swali zito la katiba mpya kwa ndizi na chungwa: ndizi ndiyo, chungwa hapana. Chungwa likashinda, likaenda likazaa jina la chama kizima, ODM. San Francisco ina hali ileile ya wagombea wengi wa chama kimoja, ila haina jembe wala chungwa. Jina la klabu ndilo linalokaa mahali pa alama hiyo.

Na bila alama mtu mwenye akili timamu anaweza kupiga kura kinyume na moyo wake. Mfano ninaoupenda ni wa mifuko ya plastiki. Bunge la California lilikuwa limepitisha sheria ya kuipiga marufuku. Watengenezaji wa mifuko wakakusanya saini ili wananchi waikatae. Ndiyo ikawa hoja namba 67 ya mwaka 2016. Sasa anayeichukia mifuko ajibu nini? Ndiyo, kwa sababu swali lilikuwa kama sheria ibaki. Papo hapo kulikuwa na hoja namba 65, iliyoletwa na upande wa watengenezaji wenyewe, ikizungumzia fedha za mifuko mbadala inayouzwa dukani kwenda kwenye hazina ya kulinda wanyamapori. Ukiisoma haraka utadhani imeandikwa na watunza mazingira. Namba 67 ilipita, 65 ikaanguka, na siamini kwamba kila aliyepiga kura alikaa akachambua vifungu. Kenya ilimaliza jambo hilohilo mwaka 2017 kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, Tanzania mwaka 2019 kwa kanuni. Mwananchi hakuulizwa, na hakuhitaji kadi.

Klabu huamuaje? Kwanza wagombea hutumiwa dodoso, wakati mwingine la kurasa nyingi: msimamo wako kuhusu kodi za nyumba, kuhusu polisi, kuhusu mabasi. Dodoso baya kuliko yote kwa mgombea ni lile linalokubali ndiyo au hapana tu bila nafasi ya maelezo, maana hapo hakuna pa kujifichia. Kisha kuna mahojiano mbele ya kamati, na mwisho mkutano wa wanachama wote ambapo kila mgombea hupewa dakika moja au mbili. Kwa hoja, mmoja husema kwa nini ipite, mwingine kwa nini isipite. Halafu kura.

Klabu nyingi hudai zaidi ya wingi wa kawaida. Asilimia 60 ni kipimo kinachotumika sana. Hapo ndipo mchezo ulipo. Ukiona mtu wako hawezi kufika 60, kazi yako usiku huo hubadilika: unahakikisha mpinzani wake naye hafiki. Unawashawishi wenzako wapige kura ya "tusiidhinishe mtu", na nafasi ile kwenye kadi inaachwa tupu. Kwa mgombea anayejulikana sana, nafasi tupu kwenye kadi ya klabu iliyotarajiwa kumuunga mkono ni habari mbaya, na wapinzani wake wataisambaza.

Mchezo mwingine ni wa kuleta watu. Mgombea huwahamasisha jamaa na marafiki wajiunge, ada zinalipwa, ukumbi unajaa nyuso ambazo hazijawahi kuonekana, na wiki moja baadaye hazionekani tena. Ndiyo maana klabu nyingi huweka sharti kwamba mwanachama awe amejiunga muda fulani kabla ya mkutano wa kuidhinisha. Aliyewahi kugombea kura za maoni ndani ya CCM hahitaji kuelezwa zaidi. Atacheka tu na kusema wajumbe si watu.

Kisa maarufu kuliko vyote vya kunyimwa kadi ni cha Harvey Milk. Mwaka 1971 Jim Foster na wenzake walianzisha klabu ya Democratic ya wapenzi wa jinsia moja, wakaipa jina la Alice B. Toklas, mwanamke mzaliwa wa San Francisco aliyeishi Paris na mwandishi Gertrude Stein. Klabu hiyo iliamini katika kujenga urafiki na wanasiasa waliokwisha kukaa kwenye viti, taratibu, bila kelele. Milk alikuja na kelele. Alikuwa mwenye duka la kamera mtaa wa Castro, mgeni mjini, na mwaka 1973 akajitosa kugombea Baraza la Wasimamizi, ambalo ndilo baraza la madiwani la jiji. Foster alikataa kumuunga mkono. Inasimuliwa kwamba alimwambia dansi ni ya waliopanga viti, na yeye hajamwona akipanga hata kimoja.

Milk alishindwa mwaka 1973. Akashindwa 1975. Akashindwa 1976 alipowania bunge la jimbo, dhidi ya Art Agnos. Mwaka huohuo yeye na wafuasi wake walianzisha klabu yao. Vilevile wapiga kura wa jiji walipitisha hoja iliyobadilisha uchaguzi wa baraza, kutoka jiji zima kuwa eneo moja moja la jiji. Na kwa mpaka huo mpya, mwaka 1977 Milk alishinda. Kwa hiyo wanaoona hoja za kura kuwa usumbufu wa kurasa za mwisho wakumbuke kwamba hoja moja yenye maneno makavu ya mipaka ndiyo iliyomfungulia mlango mtu ambaye kadi ya klabu ilimfungia.

Novemba 1978 hoja namba 6, iliyotaka kuwafukuza walimu wapenzi wa jinsia moja katika shule za umma za California, iliangushwa kwa zaidi ya asilimia 58, Milk akiwa mstari wa mbele kuipinga. Tarehe 27 ya mwezi huohuo aliuawa kwa risasi ndani ya ukumbi wa jiji pamoja na Meya George Moscone. Klabu yake ikachukua jina lake. Zote mbili zipo hadi leo, ya Alice na ya Milk, chini ya chama kimoja, na mara kwa mara kadi zao hazifanani: ya Alice huhesabiwa kuwa ya wastani, ya Milk ya mrengo wa kushoto. Mpiga kura wa zamani wa jiji hilo akiuliza "Milk wamesema nini?" anauliza swali refu kwa maneno matatu.

Utashangaa kwa nini chama chenyewe hakikutoa kadi moja kikamaliza. Kwa miaka mingi sheria ilikizuia. Tena California iliwahi kuruhusu mgombea kuingia katika mchujo wa vyama viwili kwa pamoja. Mwaka 1946 Earl Warren aliteuliwa na Republican na Democratic kugombea ugavana uleule. Wademocrat waliochoshwa na hali hiyo wakaunganisha klabu zao mwaka 1953 chini ya California Democratic Council, wakiongozwa na Alan Cranston aliyekuja kuwa seneta. Klabu hazikuwa chombo rasmi cha chama, kwa hiyo ziliweza kusema mapema nani ndiye Democrat wa kweli. Marufuku ya vyombo rasmi kuidhinisha wagombea wa mchujo ilidumu hadi mwaka 1989, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta katika kesi iliyofunguliwa na kamati ya Democratic ya kaunti ya San Francisco pamoja na wenzake. Tangu hapo kamati hiyo ina kadi yake, na kwa kuwa imebeba jina la chama, wagombea huipigania kuliko zote.

Lipo doa. Kuchapa na kutuma kadi ni gharama, na wenye kampeni hujua hilo. Wagombea na wafadhili wa hoja huchangia klabu zilizokwisha kuwaidhinisha ili kadi zifike milango mingi zaidi. Mbaya zaidi ni kadi za biashara. Kuna watu wasio na klabu, wasio na mkutano wala wanachama, wanaobuni jina linalosikika kama la chama au la walimu au la zimamoto, kisha wanauza nafasi kwenye orodha. Sheria ya California inawataka waweke alama ya nyota pembeni ya kila jina lililolipiwa, na waandike kwamba wao si chombo rasmi cha chama. Nyota hizo ni ndogo. Ukipokea kadi kutoka huko, anza na hizo kabla ya majina.

Wenyeji wazoefu hawatumii kadi moja. Huzipanga mbili tatu mezani, na zikikubaliana katika hoja fulani wanajaza na kuendelea. Zikipishana, hapo ndipo wanafungua kijitabu. Na kuna wale ambao kadi wanayoisubiri kwa hamu ni ya klabu wasiyoipenda kabisa. Wanaisoma kwa makini kuanzia juu hadi chini, kisha wanajaza kinyume.