Viwanda 12 na Mikorosho Iliyobaki Porini: Historia ya Ubanguaji Kusini mwa Tanzania

Msafiri anayetoka Nachingwea kwenda Lindi kupitia Mtama, au anayezunguka Newala na Masasi kabla ya kuteremka Mtwara mjini, hupita karibu na majengo makubwa yaliyokuwa viwanda vya kubangua korosho, yaani kupasua ganda na kutoa kokwa, ambayo wazee bado wanayaita "kiwandani", ingawa vijana wengi wameyafahamu kama maghala tu. Swali ambalo sisi tunaotunza kumbukumbu za viwanda tunaulizwa mara kwa mara ni kwa nini vilijengwa vingi namna ile, na kwa nini vikanyamaza. Jibu lililozoeleka ni kwamba mashine zilikuwa mbovu au wafanyakazi walikuwa wazembe. Jibu hilo haliwatendei haki watu waliofanya kazi humo, na pia halilingani na mpangilio wa matukio yenyewe.

Ili tuelewe yaliyotokea, inafaa tuanze na zao jingine. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, na baadaye ukaenea hadi Lindi, ambako mashamba kama Kikwetu na Kitunda yaliwavuta manamba wengi, yaani vibarua wa mkataba, wakiwemo Wamakonde na Wamakua waliovuka mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji, na singa, yaani nyuzi, inayopatikana ndani yake ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayesafirisha tani 100 za majani ili apate tani 4 za singa, na jani likishakatwa halingoji. Kwa hiyo korona, yaani mashine ya kuchana majani, ilibidi isimame palepale shambani, pamoja na nyumba za wafanyakazi, uwanja wa kuanikia na banda la kufungia marobota. Mkonge wenyewe ndio uliolazimisha kiwanda kukaa kusini. Soko lilipoporomoka katika miaka ya 1960 kwa sababu ya nyuzi za plastiki, shamba na kiwanda vilidhoofika pamoja.

Mpango wa karanga ulikuwa kisa cha aina nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza kufyeka misitu ya Nachingwea, Kongwa na Urambo ili ilime karanga kwa matrekta. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Reli iliyojengwa kuhudumia Nachingwea ilikosa mzigo wa kutosha, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichosalia na kufaa hadi leo ni bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikufika, na ambayo korosho ndiyo iliyokuja kuipa kazi.

Korosho ina tabia iliyo kinyume kabisa na ya mkonge, na kwa maoni yangu historia yote ya viwanda vya Mtwara na Lindi imefichwa katika tofauti hiyo. Korosho ghafi iliyoanikwa vizuri juani ni kavu, ganda lake ni gumu, hukaa ghalani kwa miezi mingi bila kuharibika, na hupakiwa kwenye magunia ikavuka bahari bila shida. Hakuna kinachoilazimisha ibanguliwe karibu na mti ulioizaa. Ndiyo maana, mikorosho ilipoenea kusini katika miaka ya 1940 na 1950, korosho zetu zilikwenda moja kwa moja hadi Kollam, kusini mwa India, ambako maelfu ya wanawake walizibangua kwa mikono. Kiwanda cha mkonge kiliwekwa hapa na asili ya zao. Kiwanda cha korosho kingesimama tu endapo watu wangeamua kukisimamisha na kukilisha.

Uamuzi huo ulifanyika. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 Serikali ilichukua mikopo ya Benki ya Dunia ili ijenge vingine. Vilipokamilika, nchi ilikuwa na viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua takribani tani 113,000 kwa mwaka. Vingi kati ya hivyo vilikuwa kusini: Mtwara mjini na Likombe, Newala viwili, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea na Tunduru. Mashine zilitoka Italia na Japani.

Inafaa msomaji ajue kilichokuwa kikifanyika ndani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mtu akiyagusa ovyo vidole hugeuka vyeusi na kumenyeka. Katika mitambo ya Italia, korosho zilipitishwa kwenye beseni la mafuta hayohayo ya maganda yaliyochemshwa hadi karibu nyuzijoto 200, kwa muda mfupi sana, ganda likakauka na kuwa rahisi kupasuka. Baada ya mashine kupasua, kokwa zilikaushwa, zikamenywa ngozi nyembamba ya ndani, kisha zikafika kwenye meza ndefu za kupanga madaraja, na hapo kazi ilikuwa ya macho na vidole. Daraja linaloitwa W320 maana yake ni kokwa nzima, nyeupe, zisizozidi 320 katika ratili moja, yaani karibu gramu 454. Kokwa iliyovunjika hushuka daraja na bei yake hushuka nayo. Hapo mashine zilikuwa na udhaifu wa kweli, kwa kuwa zilivunja kokwa nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa Kollam. Hata hivyo udhaifu huo ungeweza kuvumiliwa kama mzigo ungefika mlangoni.

Mzigo haukufika. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, kiasi ambacho kingevishibisha viwanda vyote na kubakiza. Kisha kukaja mambo matatu kwa mfululizo. Operesheni Vijiji, mpango wa Serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiofyekewa humezwa na pori. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumfanya atembee kilomita kadhaa kuokota korosho katika mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Halafu ukaingia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua machanga kama unga na kuyakausha kabla hayajafunga. Mwaka 1986/87 mavuno yalishuka hadi takribani tani 16,500. Tani hizo zote zingepelekwa viwandani, bado zisingefika hata sehemu moja ya sita ya uwezo uliojengwa. Viwanda vilikosa korosho kabla ya kukosa kitu kingine chochote, na baadhi havikuwahi kufanya kazi ipasavyo tangu vilipokamilika.

Mikorosho ilifufuka kwanza, viwanda havikuifuata. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, walionyesha kwamba unga wa salfa huzuia ubwiriunga, wakazalisha pia miche bora, na soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000. Lakini viwanda vilivyouzwa kwa watu binafsi vingi viligeuzwa maghala, na sehemu kubwa ya korosho ikaendelea kupanda meli na maganda yake.

Sababu ni ileile niliyoieleza juu, kwamba hakuna kinachoilazimisha korosho ibanguliwe hapa, nayo inaonekana wazi kwenye mnada. Korosho huvunwa na kuuzwa ndani ya miezi michache, kuanzia Oktoba. Mnunuzi wa nje hununua, hupakia na kuondoka. Mwenye kiwanda cha hapa analazimika kununua katika miezi hiyo michache korosho atakazobangua mwaka mzima, kwa fedha ambazo mara nyingi amekopa kwa riba, huku akishindana bei na mtu asiyelipa mshahara wa mbanguaji hata mmoja Mtwara. Mjadala wowote kuhusu kufufua ubanguaji unaoanza na mashine, kabla ya kushughulikia mtaji wa kununulia na haki ya kupata mzigo, unaanza mwisho.

Wakati huohuo ujuzi haukutoweka. Vikundi vya wanawake hubangua kwa mashine ndogo ya kukanyaga kwa mguu: korosho iliyochemshwa kwa mvuke huwekwa katikati ya visu viwili, mbanguaji hukanyaga, huvuta mkono wa mashine, ganda hufunguka, na mwenzake huchokoa kokwa kwa kisu chembamba akiwa amepaka vidole mafuta au majivu. Baadhi yao walijifunza kutambua daraja la kokwa kwa mama zao waliokaa kwenye zile meza ndefu.

Kumbukumbu za viwanda hivi nyingi hazimo katika majalada. Zimo majumbani, katika kadi za kazi, hati za mshahara, picha za wafanyakazi wa zamu moja, visu vya kuchokolea na madebe yenye nembo ya kiwanda ambayo leo yanahifadhia unga. Tunawaomba wenye vitu hivyo wasivitupe, waandike nyuma ya kila picha majina, mahali na mwaka, na wawaulize wazee waliofanya kazi humo wakati bado wapo wa kujibu.