Je, wajua? Huko Turkana, mwamba wa bondeni waweza kuwa mdogo kwa umri kuliko wa mlimani

Aliyelelewa Mombasa huanza kuujua mwamba kwa macho pale Mama Ngina, kwenye genge la matumbawe linalotazama mlango wa bandari. Matumbawe hujijenga juu ya wenzao waliotangulia, kwa hiyo ya chini ndiyo ya kale. Nami kanuni hiyo niliibeba hadi Turkana. Niliamini kwamba anayeteremka kutoka milimani kuelekea ziwani hurudi nyuma kwa wakati kila hatua, na kwamba wanaotafuta mifupa ya kale huchagua tu mahali pa chini. Nilikosea, na nimesikia wengi wakieleza hivyo hivyo.

Kanuni yenyewe ni sahihi. Inasema tabaka lililolaliwa ni kubwa kwa umri kuliko lililolilalia. Kuhusu kimo haisemi lolote.

Chukua chapati sita zilizopangwa kwenye sahani. Ya chini ndiyo iliyopikwa kwanza. Kata rundo zima katikati kwa kisu, kisha inua nusu moja uiwekee kitambaa kilichokunjwa chini yake. Ndani ya kila nusu, zamu ya chapati haijabadilika. Lakini kitambaa kikiwa kinene vya kutosha, chapati ya kwanza upande huu itakaa juu kuliko ya mwisho upande ule. Sisimizi akiteremka hapo, anatoka kwenye ya kale na kutua kwenye mpya.

Mkato ule ndio mpasuko wa ardhi. Bonde la Ufa linavutwa pande mbili, na vipande vya ardhi vilivyo kati ya mipasuko huzama kama ngazi, huku matabaka mapya yakijaza pale palipozama. Ndiyo maana lava ya mamilioni ya miaka yaweza kuonekana kilimani huku udongo mdogo sana kwa umri ukiwa chini yake bondeni.

Basi mchora ramani ya miamba atajuaje kipande hiki kililingana na kipi? Tuseme manjano yalimwagikia chapati ya tatu kabla ya kukatwa. Sasa kila nusu ina mstari wa njano, na mistari hiyo miwili ni umri mmoja. Turkana, manjano ni jivu la volkano, ambalo kwa sehemu kubwa lilibebwa na maji kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Jivu la kijivu hufanana na jingine kwa macho, ila kila mlipuko una kipimo chake cha chuma, kalisi na titani, kama kila nyumba ilivyo na bizari yake ya pilau. Jivu liitwalo Tulu Bor, la takriban miaka milioni 3.4, limetambuliwa Turkana, Hadar nchini Ethiopia, na hata kwenye matope ya sakafu ya bahari Ghuba ya Aden! Mlipuko mmoja, nchi mbili na bahari.

Lava nayo ina hila. Mara nyingine hupenya katikati ya matabaka yaliyokwisha kulala, kama samli iliyoyeyuka ikiingia kati ya chapati mbili, ikawa ndogo kuliko tabaka lililo juu yake. Mtaalamu huinama akatazame: tabaka la chini peke yake likiwa limeungua, lava ilitiririka juu ya ardhi, yakiwa yameungua ya juu na ya chini, ilipenya.

Uzito wa kazi hii ulionekana Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Fuvu la binadamu wa kale, namba 1470, aliloligundua Bernard Ngeneo mwaka 1972, lilikuwa chini ya jivu liitwalo KBS, lililopimwa awali kuwa la miaka milioni 2.6. Lakini meno ya nguruwe wa kale yaliyotoka kwenye matabaka hayo yalilingana na ya bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia, kutoka matabaka madogo zaidi kwa umri. Jivu likapimwa upya: takriban milioni 1.9. Fuvu likashuka kutoka karibu milioni 3 hadi kiasi cha milioni 2, bila kusogea hata shubiri.

Kwenye ramani, mpasuko ulioonekana huchorwa kwa mstari mzima. Pale mchanga wa jangwa ulipoufunika, mstari huchorwa kwa vitone au vipandevipande, na msomaji hujua kwamba hapo mtaalamu amekisia kwa kutazama yaliyo pande mbili.