Mwani mtoni: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana: Mto wenye afya hauna mwani.

Ukweli: Ungekuwa hauna, wadudu na samaki wangekula nini? Ule utelezi unaoukanyaga juu ya mawe ni jamii ya viumbe hai, wengi wao dayatomu: mwani wa seli moja wenye ganda la silika, na kila spishi na nakshi zake. Mtaalamu anayepima afya ya mto hukwangua jiwe kwa mswaki, huchemsha sampuli kwa kemikali mpaka yabaki maganda matupu, kisha huyahesabu kwa hadubini, mamia kwa mamia. Wingi wa ukijani haumshughulishi sana. Anataka kujua ni nani wanaoishi pale. Dayatomu aitwaye Nitzschia palea akitawala, anashuku maji taka. Mwaka 1948 mwanasayansi Ruth Patrick aliongoza utafiti wa mto Conestoga, Pennsylvania, Marekani, uliosaidia kuonyesha kwamba maji safi hubeba spishi nyingi. Yakichafuka, hubaki chache sugu na kujazana.

Dhana: Vipimo vya kemikali vinatosha.

Ukweli: Chupa ya maji hueleza saa ile tu. Kiwanda kikimwaga taka usiku, asubuhi zimeshapita. Utando wa mawe ulikuwepo usiku kucha, na wiki kadhaa kabla ya hapo.

Dhana: Mto mkubwa hupimwa kama kijito.

Ukweli: Penye kina na tope mwanga haufiki chini, kwa hiyo mawe ya ukingoni hueleza habari za ukingoni. Lazima upime pia mwani unaoelea, ambao hupata muda wa kuzaliana maji yanapopunguza mwendo. Mto Oder, kati ya Poland na Ujerumani, ulitoa ushahidi mchungu kiangazi cha mwaka 2022. Chumvi ya viwandani, joto na kupungua kwa maji vilimstawisha Prymnesium parvum, mwani wa maji ya chumvichumvi ambao sumu yake huharibu matamvua. Samaki walikufa kwa mamia ya tani.

Dhana: Fahirisi za Ulaya, yaani orodha za alama zinazogeuza spishi za mwani kuwa kipimo cha ubora wa maji, zitumike Afrika Mashariki bila kubadilishwa.

Ukweli: Alama zake zimetokana na mito ya huko. Spishi nyingine za kwetu hazimo kabisa. Kwa Mara, Pangani au Rufiji, kazi ya kwanza ni kukusanya mwani wa sehemu ambazo bado ni safi, ili tuwe na cha kulinganishia, na sehemu hizo zinazidi kupungua.