Patapon 3 haikuharibu ngoma

Kwenye kibanda kimoja cha gemu pale Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, kuna ubishi usiokwisha: eti Patapon 3, ya tatu katika gemu za kuongoza jeshi la vijicho, vijitu vya jicho moja, kwa mapigo ya ngoma, iliwagawa mashabiki kwa sababu "imeharibu ngoma". Si kweli, na mwenye PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi, anaweza kuhakikisha sasa hivi.

Ngoma ni ileile. Pata na pon ni milio ya ngoma, kila mmoja na kitufe chake. Pata, pata, pata, pon: jeshi linasonga. Pon, pon, pata, pon: linashambulia. Unapiga mapigo manne, unatulia manne wakati wao wanaitikia, halafu unapiga tena. Juzi dogo mmoja alikuwa anabonyeza mfululizo kama anafukuza nzi kwenye dagaa. Jeshi likagoma, akalaumu gemu. Kaka, kidole chako ndicho kilichowahi!

Kilichobadilika mwaka 2011, ya tatu ilipotoka, ni jeshi lenyewe. Katika ile ya kwanza unajenga vikosi: wa mikuki, wa ngao, wa mishale. Ya pili ikaongeza shujaa mmoja, na nafasi ya kucheza na wenzako. Ya tatu ikafyeka umati ule, wakabaki shujaa na wenzake watatu tu, na muda mwingi unaishia kutafuta silaha na kupandisha viwango. Wanaopenda kucheza kwa kundi wakafurahi. Aliyezoea kuona vijicho vimejaa skrini vikiandamana nyuma ya bendera, lazima aone pengo. Mimi ni wa vijicho, tena sana, ila ngoma siisingizii.